Kutotolesha vifaranga kwa kuku mwenyewe, toka anapoanza kuatamia mpaka vifaranga wanakata mwezi

Kuku wangu wa kwanza kuatamia nilimharibia mwenyewe. Kalikuwa kakuku kadogo ka kienyeji hapa nyumbani Chanika, kakaingia kwenye boksi kakagoma kutoka, mi kwa tamaa nikakajazia mayai 18, mengine nimeyatoa jikoni hata sijui yana siku ngapi. Baada ya wiki 3 nikapata vifaranga 5, mengine yote viza, moja likapasuka likanuka banda zima. Nikalaumu kuku. Bibi yangu kule Singida nilipompigia simu akacheka sana, akaniambia mwanangu kuku hajakosea kitu, kazi yake kaifanya, wewe ndo umempa mayai maiti.

Toka hapo nimelalisha kuku wengi, na nilichokuja kuona ni kwamba zile siku 21 za kulala ndo sehemu rahisi kuliko zote. Hasara inatokea kabla hajalala (mayai mabovu, kiota kina wadudu) na baada ya kutotoa (baridi, kunguru, ugonjwa wa kideri). Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye hizo sehemu mbili, ile ya katikati nitaipitia haraka.

Kwanza hakikisha kweli anataka kuatamia

Kuku kukaa kwenye kiota mchana mzima sio lazima awe anaatamia, wengine wanachelewa tu kutaga. Wa kweli utamjua usiku. Wenzake wote wamepanda kwenye kichanja kulala, yeye kabaki kwenye kiota. Ukipeleka mkono anajivimbisha manyoya, anaguna, anadonoa. Akishuka anatembea kajitunisha huku analia ko ko ko, na kinyesi chake kinakuwa bonge kubwa moja linalonuka ajabu, maana anakibana siku nzima. Kifuani ananyonyoka manyoya mpaka ngozi inabaki wazi, usishtuke, ndo anavyoyapa mayai joto la mwili wake.

Mpe siku 2 au 3 za kumuangalia. Muwekee mayai mawili matatu ya geresha, hata yale ya kisasa ya dukani, yaandike X kwa kalamu. Akiyashikilia usiku tatu mfululizo huyo yupo tayari. Na sio kila kuku ana hii kazi. Hawa chotara wa siku hizi kina Kuroiler na Sasso wanataga vizuri lakini kuatamia ni nadra sana, usikae unawasubiri. Wa kienyeji ndo mwenyewe. Ila kama una kuchi mtetea, yule mrefu mzito, angalia, wa kwangu alikuwa mama mzuri tu ila anaingia kwenye kiota kwa kuruka kama anaruka ukuta, mayai 3 yalivunjika siku ya kwanza.

Mayai: hapa ndo watu wengi wanapoumia

Yai halitoi kifaranga kama jogoo hajapanda. Najua inaonekana kitu cha wazi lakini kila mwezi nakutana na mtu kanunua trei la mayai ya kisasa dukani kamwekea kuku, kasubiri siku 21, hamna kitu. Wale kuku wa mayai wanafugwa bila jogoo, hata ukalalia mwenyewe hayatoki. Nyumbani jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 inatosha. Jogoo awe mzima na wa damu nyingine, usiache mtoto awapande mama yake na dada zake miaka yote, utaanza kuona vifaranga dhaifu na mayai yanayofia ndani.

Jinsi ya kukusanya. Kila siku jioni toa mayai kwenye viota, acha moja la geresha ili waendelee kutagia hapo hapo. Andika tarehe kwa penseli, sio maka peni, wino unapenya kwenye ganda. Yaweke sehemu ya kivuli yenye ubaridi wa kawaida, ncha nyembamba iangalie chini, kwenye trei au kwenye ndoo yenye pumba au mchanga mkavu. Sio juu ya friji ambako kuna joto, na sio ndani ya friji. Hapa kwetu Dar kwenye joto mi siyaachi zaidi ya siku 7, ukifika siku 10 bado yapo yatakayotoka ila wanapungua, zaidi ya hapo kaanga ule.

Chagua ya saizi ya kati yenye umbo la kawaida. Kubwa sana linaweza kuwa na viini viwili, na hilo kutoa kifaranga ni bahati nasibu, dogo sana linatoa kifaranga kadogo ka kuhangaika nako. Lenye ufa, hata ule wa uzi, toa. Lenye kinyesi kingi toa. Lenye uchafu kidogo futa na kitambaa kikavu au likwangue taratibu, USIOSHE. Ganda lina utando wa nje unaozuia vijidudu kuingia, ukiosha umeuondoa na uchafu unasukumwa ndani. Dada mmoja jirani yangu aliosha mayai yote na sabuni ili yawe masafi kwa watoto, yalitoka 2.

Idadi: kakuku kadogo mpe 9 hadi 10, wa kawaida 12 au 13, mkubwa kweli 15. Kipimo rahisi ni kwamba akikaa na kutandaza mabawa usione yai lolote limechungulia nje, maana lile la pembeni lenye baridi leo kesho anaweza kulivuta katikati na kulisukuma jingine pembeni, mwisho unapoteza mengi badala ya moja. Bibi yangu yeye lazima idadi iwe witiri, 9, 11, 13, na anatupia msumari au kipande cha mkaa kwenye kiota radi isije ikaua mayai. Mi msumari siweki, ila hiyo witiri sijui kwa nini nimeizoea.

Kiota

Usimwache alale pale pale wanapotagia wenzake. Hii ni sheria. Wenzake watakuja kutagia juu yake, watamsukuma, watavunja, na atajikuta analalia mayai ya siku 1 na ya siku 15 kwa pamoja, yakitoka ya kwanza anaondoka na watoto yale mengine yanafia njiani. Mtafutie kona yenye giza kidogo, tulivu, isiyovujiwa, mbwa na watoto wasipite pite.

Kiota kinaweza kuwa tenga, karai bovu, boksi la mbao, beseni lililopasuka, chochote chenye upana wa kama sentimita 35 hadi 40. Mi chini naweka udongo wenye unyevu kidogo sana, kama vidole viwili hivi, naukandamiza katikati uwe na kashimo kama bakuli ili mayai yasitawanyike, juu yake nyasi kavu laini. Kiota kiwe chini au karibu na chini, vifaranga wakitoka wasianguke toka juu ya meza.

Sasa wadudu. Utitiri ndo adui namba moja wa kuku anayelala, kuliko paka. Mchana wanajificha kwenye nyufa za mbao na kwenye nyasi, usiku wanapanda kumnyonya, na yeye hawezi kukimbia maana kakaa. Nimeshapoteza mayai 12 siku ya 15 kwa sababu hii, kuku alitoka asubuhi hakurudi, nikaenda kuangalia kiota nikaona vumbi linatembea, mpaka mikono ikaniwasha siku mbili. Kwa hiyo nyasi za zamani choma, usizirudie. Chombo kianike juani au kimwagie maji ya moto. Nyunyiza majivu makavu ya jikoni chini ya nyasi, kama una mwarobaini changanya na majani yake makavu. Na kuku mwenyewe mpake dawa ya unga ya utitiri ya duka la mifugo siku 2 kabla ya kumpa mayai, chini ya mabawa na kuzunguka mkundu, fuata kipimo cha kwenye pakiti. Ukishampaka kabla hutolazimika kuja kupaka dawa vifaranga wa siku moja. Hapo hapo kama zamu yake ya chanjo ya kideri imekaribia mchanje kabla hajalala.

Kumlalisha

Fanya usiku. Beba kuku taratibu ukiwa umemkumbatia mabawa, mpeleke kiota kipya ambacho tayari kina mayai ya geresha, mfunike na tenga au gunia jepesi linalopitisha hewa, mwache humo usiku na kesho yake nusu siku. Akitulia usiku unaofuata ndo unachomoa ya geresha unaingiza ya kweli, moja moja kwa chini. Yaingize YOTE siku moja. Yote yapige alama kwa penseli, ili siku ukikuta yai lisilo na alama ujue kuna mwenzake kaja kutaga, unatoa unakula.

Siku 21 ni wiki 3 kamili, kwa hiyo ukimlalisha Jumapili usiku unategemea Jumapili. Mi naandika ukutani kwa mkaa.

Kama una kuku zaidi ya mmoja jaribu kuwalalisha pamoja. Wa kwanza akianza mshikilie na mayai ya geresha siku kadhaa, isizidi kama siku 10 maana anakonda bure, wenzake 2 au 3 wakijiunga unawapa mayai ya kweli usiku mmoja wote. Faida yake utaiona kwenye kutotoa, vifaranga wote umri mmoja, chanjo siku moja, na kama mmoja katotoa 4 tu unamhamishia mwenzake hao 4 usiku, yeye anarudi kwenye kutaga. Mara ya mwisho nililalisha 3, mayai 36, wakatoka 31, nikawapa mama wawili.

Hizo siku 21

Mwekee maji na punje karibu, mahindi yaliyovunjwa, mtama, uwele, sio ndani ya kiota bali hatua mbili tatu pembeni ili anyanyuke. Atashuka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi nusu saa, anakula, anakunywa, anajisaidia lile bonge lake, anajigalagaza vumbini. Mwandalie kashimo ka mchanga na majivu. Usimkimbize arudi, mayai yanastahimili huo ubaridi kidogo. Lisaa limepita hajarudi ndo umtafute, mara nyingi utakuta kakosea kaingia kiota cha jirani. Wapo wengine wabishi hawashuki kabisa, huyo siku ya 3 mshushe mwenyewe, ila kabla hujamnyanyua pitisha mkono chini ya mabawa uhakikishe hajabana yai, likidondoka toka juu litavunja na yaliyobaki.

Mayai anayageuza mwenyewe, wewe usiguse. Yai likivunjika toa nyasi zilizolowa haraka, la sivyo uchafu unaziba vitundu vya ganda kwa mengine na sisimizi watakuja, na sisimizi wakishafika kuku atakimbia.

Kupima kwa tochi, siku ya 7 au 8 usiku. Tochi ya simu inatosha kabisa, toboa boksi la kiatu kashimo kadogo kuliko yai, simu ndani, yai juu upande mpana. Mayai ya kienyeji yana ganda jeupe jeupe yanaonekana vizuri. Ukiona mishipa imetawanyika kama buibui mwenye kichwa cheusi, huyo yupo hai. Likiwa angavu kote kama siku ya kwanza, halikupandwa, toa. Ukiona duara jekundu la damu limezunguka bila mishipa, lilianza likafa, toa. Usilolielewa rudisha utaliangalia siku ya 14, wakati huo la uzima linakuwa jeusi karibu lote na nafasi ya hewa upande mpana, na ukitulia unaona kitu kinacheza. Yale yaliyobaki angavu mi nachemsha nampa mbwa. Fanya haraka, dakika 10 mayai yote yawe yamerudi.

Kuanzia siku ya 18 funga mikono yako. Hakuna kupima, hakuna kuonyesha wageni.

Siku ya kutotoa

Siku ya 20 ukisogeza sikio utasikia piu piu ndani ya mayai na mama anawajibu kwa sauti ya chini, aisee hii sauti sijawahi kuizoea. Kifaranga anadonoa kashimo kamoja, anapumzika, anaweza kupumzika masaa mengi, halafu anazungusha anakata ganda. Toka kashimo ka kwanza mpaka kutoka inaweza kufika hata siku nzima. Usimmenye! Wakati unamuona kama kakwama, yeye anavuta damu ya mishipa ya ganda na kumalizia kiini kuingia tumboni. Ukimmenya mapema anatoka damu, au anatoka na kitovu kibichi anakufa kesho. Mi nimewasaidia wengi wakati ule wa ushamba, walioishi nadhani wawili.

Hicho hicho kiini kilichoingia tumboni ndo chakula chake, anaweza kukaa siku 2 bila kula na asife, kwa hiyo usiwe na haraka ya kumtoa mama kiotani, mwache amalizie wanaochelewa. Maganda matupu toa jioni ili yasivae kwenye yai jingine. Siku ya 22 jioni, yaliyobaki kimya bila kashimo toa kwa uangalifu, yakipasuka utahama nyumba.

Baada ya hapo: wiki 4 za roho mkononi

Siku ya kwanza maji kabla ya chakula, ya uvuguvugu, unaweza kuweka glukosi kidogo. Chombo kiwe kifupi kama mfuniko wa ndoo ndogo, ndani panga vijiwe wasizame. Ndio, wanazama kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Chakula ni cha vifaranga cha dukani wiki 4 za mwanzo kama mfuko unaruhusu, kama hauruhusu changanya unga wa dona, pumba laini, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, ila pumba peke yake hapana, wanadumaa mabawa yananing'inia. Kijijini tulikuwa tunatega mchwa: unajaza chungu nyasi kavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholowa, unakipindua jioni karibu na kishimo cha mchwa, asubuhi unafunua. Vifaranga wanapigana. Hakuna protini ya bei rahisi kama hiyo.

Hapa una njia mbili. Ya kwanza unamwachia mama alee, kazi kidogo, joto la bure, ila yeye atakaa miezi 2 hivi au zaidi bila kutaga. Ya pili unawatoa vifaranga unawalea kwenye bruda, yaani kisehemu cha kuwapa joto bila mama, wengine wanaiita kinengunengu, na mama akikaa mbali wasipomsikia kabisa anarudi kutaga ndani ya wiki chache. Bruda inataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, halafu unashusha kama 3 kila wiki. Usipokuwa na kipima joto waangalie wenyewe: wakijirundika katikati wana baridi, wakikimbilia pembeni wanahema midomo wazi wameungua, wakitawanyika wanakula uko sawa. Ukitumia jiko la mkaa liwashe nje mpaka moshi uishe na banda liwe na hewa, ile hewa ya mkaa inaua kimya kimya, vifaranga na wewe. Mi kwa vifaranga chini ya 30 namwachia mama tu, umeme wetu tunaujua.

Usiwaachie nje mapema. Hapa Dar adui sio mwewe peke yake, ni kunguru, wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa pwani yote. Kunguru anakaa kwenye waya wa umeme anahesabu, mama akigeuka tu kashuka. Weka mama na watoto chini ya tenga kubwa au kibanda cha wavu, kihamishe hamishe kwenye kivuli, mpaka wiki ya 3 au 4. Usiku ndani, mlango mzuri, maana kuna kicheche, panya buku na paka wa jirani ambaye mwenye nae siku zote anasema wake hali kuku. Wakati wa masika ongeza maranda na uhakikishe sakafu haina unyevu, kwenye unyevu ndo wanaanza kuharisha damu, na ukiona damu kwenye kinyesi nenda duka la mifugo siku hiyo hiyo, sio kesho.

Viroboto wale weusi wanaoganda kuzunguka macho na kishungi wapake vaselini au mafuta ya kula kwa kidole wanakosa hewa wanaachia. Mafuta ya taa acheni, yanaunguza ngozi ya kifaranga.

Halafu kideri, au mdondo, jina lolote unaloita. Hauna dawa, ukiingia unafagia banda zima, na unapenda sana kiangazi kikavu chenye upepo na vumbi. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Kibaha, ni tone moja kwenye jicho moja, na inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, ila isikae juani mfukoni mwa bodaboda. Ratiba ninayofuata ni siku ya 3, wiki ya 3, halafu kila baada ya miezi 3 maisha yote. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa mtu mmoja kwa hiyo changishaneni majirani mchanje siku moja, inasaidia zaidi kuliko wewe kuchanja peke yako na kuku wa jirani wanaingia kwako kila asubuhi. Anayeumwa tayari usimchanje. Ndui tunachanja kwenye bawa wakifika kama wiki 6 hadi 8, hiyo muite mtaalamu wa mifugo wa kata mara ya kwanza uangalie anavyofanya.

Mama akianza kuwadonoa watoto wake akiwafukuza kwenye chakula, kawaachisha. Mtenganishe, mpe chakula kizuri na chokaa au maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa, ndani ya wiki chache ataanza kuingia kwenye viota kutafuta pa kutagia. Mayai yake ya kwanza kabisa mi nakula, kuanzia wiki ya pili ndo nachukua penseli.